Upawa wa Mbegu: Sehemu ya Saba

Kile kipakiti cheupe bado kiko mezani. Hakuna aliyekigusa tangu Mama Vikopo alipokichomoa nyuma ya mizani ya mkamwana wake, akakinyanyua kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyemshika panya mkia, akakibwaga katikati ya chumba cha kazi.

"Soma," alimwambia binti yake.

Binti alisoma kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa halifunguki.

"Me-thi-li pa-ra-be-ni." Akakunja pua. "Parabeni, mama. Ile ile iliyosemwa redioni kuwa ni sumu."

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, jambo lenyewe ni hili. Mama Vikopo hupika krimu ya kupaka mwili katika chumba cha nyuma ya nyumba yake. Huijaza kwenye vikopo, na ndivyo vilivyompa jina. Kila kikopo kina lebo yenye maneno makubwa ya kijani: HAINA PARABENI. Msaidizi wake ni mke wa mwanawe, ambaye watu wamempachika jina la Mizani kwa sababu hata chumvi ya mboga anaipima. Zamani alifanya kazi kiwanda cha dawa ya kikohozi, tabia ya kupima ikamganda.

Na huyu wa jicho moja ndiye wifi yake, msusi wa saluni, mwenye ulimi mwepesi kuliko kitana chake.

Siku tatu zilizopita Wifi aliamka jicho limevimba kama mtu aliyechomekewa kitunguu chini ya kope. Usaha wa manjano ulikuwa unatoka kwenye kona, unateremka kando ya pua, unakauka, unatoka tena. Kope zilikuwa zimegandana kwa ukoko. Kila baada ya dakika mbili alijifuta kwa tishu, akaitazama ile tishu, akaikunja, akaiweka mezani pamoja na nyingine. Ilikuwa chungu nzima ya tishu zenye madoa, kandokando ya vikopo vya watu.

"Haya," alisema Mama Vikopo. "Tueleze. Ulikuwa unatuua sote, au uliamua uanze na wifi yako?"

Mizani alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono yake bado ina povu la sabuni.

"Mama, mimi sijaua mtu."

"Hilo tutalifikia. Kipakiti ni chako, si chako?"

"Ni changu."

Wifi akaguna. "Amekubali upesi. Nilidhani angalau angesema ni hamira."

"Unakitia kwenye krimu yangu?"

"Nakitia."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mama Vikopo akakaa. Stuli ililia chini yake. Miezi minne. Miezi minne alikuwa anabandika lebo kwa mkono wake mwenyewe, anailainisha kwa kidole gumba isiwe na kipele cha hewa, anawaambia wateja waiangalie vizuri, wasome, hiki ni kitu safi.

Sanduku la Mizani lilikuwa tayari mlangoni. Mama mkwe alilipanga mwenyewe asubuhi, nguo zimekunjwa sawasawa, maana hata akiwa na hasira hawezi kukunja nguo ya mtu ovyo. Mwanawe, dereva wa lori, alishapigiwa simu. Angefika saa kumi. Mama Vikopo alitaka akifika asimkute mke, akute maelezo.

"Uondoke kabla mume wako hajaingia," alisema. "Ukae kwenu mpaka tutakapokuita. Na tusipokuita, utajua."

Mizani akakausha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nitaondoka, Mama. Ila naomba nimuulize wifi swali moja."

"Uliza, mwenyewe niko hapa," alisema Wifi. "Nusu yangu inakuona."

"Daktari wa macho alisemaje?"

"Alisema ni krimu."

"Alisema krimu ina sumu, au krimu ina vijidudu?"

Wifi akafungua mkoba, akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Akaitazama juu chini. Maandishi ya daktari yalikuwa kama sisimizi waliomwagiwa maji. Akampa baba yake.

Baba mwenyewe alikuwa kwenye kona, amekaa juu ya kreti lililogeuzwa, anabadilisha mpira wa bomba la sinki. Ni fundi bomba mstaafu. Watu humwita Mzee Bomba, na kwa siku husema maneno yasiyojaza kiganja. Akavaa miwani.

"Maambukizi," akasoma. "Bakteria." Akavua miwani, akarudi kwenye bomba lake.

"Ndiyo hiyo hiyo sumu," alisema Mama Vikopo.

"Si hiyo, Mama," alisema Mizani. "Bakteria ni wadudu. Hicho kipakiti kazi yake ni kuwazuia wasizaliane. Wao na ukungu. Ningekuwa nimekitia kwenye kikopo cha wifi, leo jicho lake lisingekuwa hivyo."

"Sikilizeni," alisema Wifi. "Sasa tumshukuru."

Mizani aliingia ndani ya nyumba, akasikika akifungua kabati moja, halafu jingine. Akarudi na vitu vitatu, akavipanga mezani mbali na zile tishu: chupa ya dawa ya kikohozi anayolala nayo Mama Vikopo kando ya kitanda, chupa ya sosi ya jikoni, na poda ya uso ya Wifi, ile anayoificha asiazimwe.

"Wifi, unasoma vizuri. Soma maandishi madogo ya nyuma."

Wifi alisoma ya dawa, midomo ikichezacheza. Akasoma ya sosi. Akaichukua poda yake, akaisogeza karibu na jicho zima.

"Mama," akasema, "imo kote."

"Iko wapi?"

"Kote. Hii ya kikohozi imeandikwa mara mbili, methili na propili. Sosi imo. Poda yangu imo." Akaifunga poda kwa nguvu. "Na ina bei, hii."

Mama Vikopo aliitazama chupa ya kikohozi. Jana usiku alikunywa vijiko viwili na akalamba kijiko. Akapitisha ulimi kwenye meno kama anayetafuta kitu kilichobaki.

"Kwa hiyo tunalishwa sumu na kila mtu," alisema.

"Ni kidogo sana, Mama. Kiwandani tulikuwa tunapima gramu kwa kilo. Sitakudanganya kwamba ni kama maji ya kunywa. Ziko aina zake. Nyingine zimekatazwa na nchi kadhaa, nyingine zimewekewa kipimo, nyingine hazitakiwi kupakwa watoto wadogo sehemu za nepi. Wanasema inafanana kidogo na homoni, ndiyo maana wataalamu bado wanaifuatilia. Lakini hii niliyoitia mimi inaruhusiwa, na kipimo sikukivuka. Gramu tatu kwa kilo. Nimeandika kila siku."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwezi wa pili vikopo sita vilirudishwa, ndani vimeota manyoya. Kimoja kilikuwa na manyoya ya kijani mpaka kwenye kifuniko. Ulisema wateja wametia vidole vichafu."

"Walitia vidole vichafu."

"Vidole vyote ni vichafu, Mama. Krimu inatakiwa ivumilie vidole."

Hapo Wifi aliliona tundu, akapita.

"Basi lebo ni uongo," alisema. "Hilo nalo la nani? La bakteria?"

Mizani aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipungua.

"Ni langu. Aliyesoma HAINA, akanunua kwa sababu ya hilo neno, mimi nimemdanganya. Hapo sina pa kujificha. Nilipaswa kukataa kubandika, nikaogopa. Humu ndani hakuna anayemfundisha Mama kupika."

"Angalau hilo unalijua," alisema Mama Vikopo, lakini alilisema polepole.

"Wifi, kikopo chako unacho?"

Wifi alikitoa mkobani. Niwaambie kilivyokuwa, ingawa kama unakula weka sahani kando. Kikopo kilikuwa nusu. Kingo zake zilikuwa na weusi wa wanja, kwa kuwa Wifi alikuwa anakitumia kufutia macho kila jioni: anachota, anafuta wanja, anachota tena kwa kidole kile kile. Nywele tatu za bandia zilikuwa zimenasa juu, zimelala kama miguu ya mende. Ukinusa haraka ulisikia waridi. Ukibaki hapo kidogo, nyuma ya waridi ilikuja harufu ya kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa kwenye ndoo.

Mizani hakuangalia ndani. Aliangalia kifuniko.

"Cha bluu," alisema.

Mzee Bomba akaacha bomba lake.

Katika chumba kile kuna vifuniko vya rangi mbili. Vyeupe ni vya wateja: krimu yake huipika Mizani, kwenye sufuria kubwa. Vya bluu ni vya nyumbani na vya ndugu: hiyo huipika Mama Vikopo mwenyewe kila Ijumaa, kwenye sufuria yake ndogo, mlango umefungwa. Mkono wa Mizani haujawahi kuigusa. Hicho kipakiti cha mezani hakijawahi kuisogelea.

"Kikopo chako ulipewa na nani, wifi?"

Wifi alimtazama mama yake kwa jicho moja, kisha akatazama sakafu.

"Unataka kusema nini?" aliuliza Mama Vikopo.

"Nataka kusema tufungue ndoo, Mama."

Hakuna aliyewahi kusema hivyo katika nyumba ile. Ndoo ilikuwa chini ya meza, imefunikwa shuka kuukuu, imefungwa kwa kamba. Ndani yake kuna mbegu, yaani krimu ya zamani ya kuanzishia mpya. Kila Mama Vikopo anapopika, huchota upawa mmoja wa mbegu, akautia kwenye krimu mpya. Krimu ikipoa, huchota upawa mmoja wa hiyo mpya, akaurudisha ndooni. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Ndoo ya kwanza ilipopasuka, alihamishia kila kitu kwenye ya pili, akaikwangua hadi chini kwa mwiko kisipotee kitu. Haijawahi kuisha. Haijawahi kuoshwa. Ina miaka thelathini na mmoja.

"Ile haifunguliwi kwa ugomvi," alisema.

"Basi niondoke nayo imefungwa," alisema Mizani, akashika mpini wa sanduku. "Mume wangu akiuliza, mwambie uliogopa kifuniko."

Lilikuwa tusi, na alilijua. Wifi alivuta pumzi kwa meno. Mama Vikopo alisimama, akaivuta ndoo kutoka chini ya meza, akafungua kamba, akavua shuka, akabandua kifuniko.

Wote waliinama.

Krimu ilikuwa nyeupe. Nyororo, inang'aa, imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Harufu ya waridi ilipanda ikajaza chumba.

"Haya, mkaguzi," alisema Mama Vikopo. "Kagua."

"Pazuri hapo," alisema Wifi. "Wifi, nguo zako ziko mlangoni."

Mizani akainama zaidi. Alitazama ule weupe, hakuona hata nukta. Miezi yote alikuwa na hakika, na sasa hakika yake ilikuwa imekaa pale chini inanukia.

"Miaka thelathini na mmoja naipaka usoni," alisema Mama Vikopo. Akachovya vidole viwili, akatoka na donge. "Nitaipaka mbele yenu, halafu kila mtu aende anakokwenda."

"Ngoja," alisema Mzee Bomba.

Alikuwa ameshasimama, upawa mkononi.

"Bomba halikaguliwi mdomoni," alisema.

Akazamisha upawa pembeni mwa ndoo, ukapita weupe, ukapita, mkono wake ukafika kwenye kiwiko. Akasita. Kuna kitu kilimkatalia huko chini. Akazungusha, akavuta.

Mlio uliotoka ulikuwa kama mguu unaotolewa kwenye matope.

Upawa ulipanda na kitu kisicho na jina. Kilikuwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na kijivu, kinateleza, kinavutika kama kamasi za mtoto mwenye mafua, na hakikukubali kukatika: uzi mnene ulikuwa bado umeshika chini ya ndoo, unarefuka, unanesa. Ndani yake mlikuwa na punje nyeusi, unywele mweupe mrefu wa kichwa cha mtu tunayemjua, na kipande cha ukucha. Pembeni utando wa kijani ulikuwa umejikunja kama soksi iliyovuliwa.

Kisha harufu ikafika. Waridi lilikufa papo hapo. Ilikuwa harufu ya vasi ambayo maua yake yaliozea ndani wenye nyumba wakiwa safarini, na chini yake kitu kitamu, kitamu kwa namna ya kuudhi, kama pumzi ya mgonjwa.

Wifi aliwahi sinki. Alitapika mara mbili, akashika ukingo, akasema kwa sauti ya ndani ya sinki, "Nilikuwa naipaka machoni. Jamani, machoni."

"Hii naijua," alisema Mzee Bomba. Aliugeuza upawa kwenye mwanga bila kukunja uso. "Nimeitoa kwenye mabomba ya watu maisha yangu yote. Mabafu, masinki. Ni utelezi wa wadudu. Wanajijengea. Mwezi uliopita niliitoa kwenye bomba letu la nyuma, nikashangaa imetoka wapi."

Mizani alifumba macho. "Ni mimi, Baba."

"Wewe nini?"

"Ule upawa wa mbegu ambao Mama ananipimia nitie kwenye sufuria ya wateja. Sikuwahi kuutia. Naumwaga shimoni."

Mama Vikopo aligeuka. Jambo hili, wapenzi, lilimchoma kuliko parabeni. Mbegu ya mama yake, shimoni, pamoja na maji ya vyombo.

"Uliimwaga," alisema.

"Kila wiki."

"Na bomba likaziba," alisema Mzee Bomba. "Chuma, mke wangu. Iliziba chuma."

Mama Vikopo bado alikuwa amenyanyua vile vidole viwili. Donge la krimu lilikuwa limeanza kulainika kwa joto la mwili, linateremka kuelekea kwenye pete. Akanyoosha shingo. Kuna watu wakishatamka kwamba watafanya, watafanya hata nyumba ikiungua. Akapeleka vidole shavuni.

Mizani alimdaka mkono.

Mkamwana kumshika mama mkwe mkono kwa nguvu ni jambo ambalo halina pa kuwekwa. Walibaki hivyo, mmoja anasukuma, mmoja anazuia, krimu inadondoka sakafuni baina ya miguu yao, tone, tone.

"Niache."

"Sikuachi."

"Ni ya mama yangu."

"Mama yako alitia maji?" aliuliza Mzee Bomba.

Swali lile lilimkuta vibaya. Mkono wake ukalegea kidogo.

"Alitia mafuta na nta ya nyuki," alisema. "Tu."

"Hata tone la maji?"

"Hata tone. Alikuwa anakausha mwiko juani kwanza." Akahesabu nyuma. "Maji ya waridi nimeanza mimi. Na ule utomvu wa shubiri. Wateja walisema ya zamani inanata, inachafua mashuka. Ni mwaka wa tatu huu."

"Mdudu hanywi mafuta," alisema Mzee Bomba. "Siku ulipotia maji ndipo ulipomtandikia kitanda. Na kila Ijumaa ukampelekea chakula."

Mama Vikopo alitazama vidole vyake kama si vyake. Akaenda sinki, akamsogeza binti yake kwa nyonga, akaosha. Akaosha kwa sabuni ya mikono, kisha ya vyombo, kisha akachukua dawa ya kusafishia choo, akajimwagia hadi kwenye vifundo. Akanusa. Akaosha tena. Alivua pete, akasugua chini ya pete kwa mswaki wa kuoshea vikopo. Hakuna aliyemwambia inatosha.

Alipomaliza alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akachukua sanduku la mlangoni, akalibeba yeye mwenyewe hadi kwenye mlango wa nyumba.

"Kazitoe nguo," alisema, mgongo umewaelekea. "Zitakunjamana humo bure."

Anayemjua Mama Vikopo anajua kwamba hapo aliomba msamaha, na kwamba hatarudia.

Wifi, uso umelowa, aliichukua ile poda yake yenye parabeni, akaifuta kwa tishu safi, akairudisha mkobani kwa adabu.

"Wifi," alisema, "sahau yale ya hamira."

"Nimeshasahau."

"Hujasahau. Utanikumbusha mpaka nizeeke."

Mzee Bomba akafunika ndoo, akaibeba nje kwa mikono miwili, ameigeuzia uso pembeni. Walisikia jembe linaanza kuchimba.

Mizani akavuta kiti, akashika kalamu. Sasa akili yake ilikuwa inakimbia, nayo ilikimbia kwa mpangilio, kama kawaida yake.

"Tunalo jambo moja jema," alisema. "Uozo wote uko kwenye vifuniko vya bluu. Vya bluu viko ndani ya nyumba hii na kwa ndugu wachache. Tutawapigia simu leo, wavitupe. Vyeupe ni vya wateja, havina mbegu, vina kihifadhi. Tutabadilisha lebo, tuseme ukweli, tuombe radhi. Tutapungukiwa wateja, lakini hakuna atakayeumia. Mama, nisaidie kukumbuka. Vya bluu umempa nani na nani?"

Mama Vikopo alikuwa anatazama rafu. Pale juu, boksi la vifuniko vya bluu lilikuwa limelala ubavu, tupu.

"Vifuniko vya bluu viliisha Jumatano," alisema.

"Sawa. Na Ijumaa ulipopika?"

Mama Vikopo akaendelea kutazama rafu.

"Mama. Ijumaa ulifunika kwa vifuniko gani?"

"Nilichukua vyeupe. Ni vifuniko tu. Na vinapendeza zaidi, vinaonekana vya hospitali."

Kalamu ya Mizani ilisimama juu ya karatasi.

"Vya hospitali," alirudia.

"Nilipeleka zawadi. Jana asubuhi, mlipokuwa sokoni. Vikopo thelathini na sita, kwenye wadi ya wazazi. Kila mama aliyejifungua apate chake, ampake mtoto." Sauti yake ilikuwa inapungua kwa kila neno. "Sikutaka wapate ya wateja. Nilitaka wachanga wapate iliyo safi. Ile yangu."

Wifi aliweka mkono kwenye jicho lake, akaliziba lote.

"Uliitia mbegu?" aliuliza Mizani, ingawa alijua.

Mama Vikopo alinyanyua vidole viwili, vile vile, vyekundu kwa kusuguliwa.

"Pawa mbili," alisema. "Kwa kuwa ni watoto."

Nje, jembe likaacha kuchimba. Simu ya Mama Vikopo, iliyokuwa mezani katikati ya tishu za usaha, ikaanza kutetemeka na kutambaa kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Jina lililoandikwa kwenye kioo lilikuwa Nesi Wadi.

Mizani alinyoosha mkono aichukue. Mama mkwe akamtangulia. Akaipokea, akaiweka sauti kubwa, wote wasikie.

"Shikamoo, Mama," ilisema sauti ya msichana, changamfu, na nyuma yake vichanga viwili vilikuwa vinalia kwa kupokezana. "Tunashukuru sana kwa zawadi. Tumegawa vyote, hata wale njiti wa chumba cha joto tumewapaka asubuhi baada ya kuoga. Samahani, nilitaka kuuliza kitu kidogo tu. Hii krimu yenu, ikishakaa mwilini, kawaida yake huwa inanuka hivi?"